Risala ya Chama cha Hisabati kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Malindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuitika mwito wetu. Wewe una magari ya matatu njia ya Watamu, sisi ni abiria wako, basi leo umefika penyewe.

Muhula huu wenzetu wanaotoka Gede na Msabaha walikuwa wakiandika nyuma ya daftari saa ambayo kila gari la kuja mjini lilipita. Jumatatu moja yalifika magari matatu yakifukuzana, makanga wakigombania mikoba yetu, kisha barabara ikanyamaza nusu saa nzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Magari 6 kwa saa yakipishana dakika 10, anayefika steji wakati wowote husubiri wastani wa dakika 5. Magari hayo hayo yakija matatu matatu kila nusu saa, wastani hupanda hadi dakika 15, na hakuna gari lililopunguzwa. Tena la mbele likibeba watu 18 kwenye viti 14 na la nyuma likawa na 4, mwenye magari atasema wastani ni 11, nafasi zipo. Lakini katika abiria hao 22, waliobanwa ni 18. Ndiyo maana ukituuliza sisi, gari limejaa kila siku.

Gari likichelewa kidogo hukuta watu wengi, likakawia kupakia, na steji za mbele watu wakazidi kurundikana. La nyuma halina wa kumpakia, hivyo hulifikia. Isitoshe, madereva pale Watamu hawatoki mpaka wajaze. Mafuta hayatolewi bure, hilo tunalijua. Lakini likitoka limejaa, wa Gede aingie wapi? Juu ya mapaja ya nani?

Ombi letu ni moja: kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, gari litoke Watamu kila dakika 10, hata likiwa na viti vitupu. Gede tutavijaza.

Tumeambiwa anayepanga zamu pale Watamu hutegemea simu, na simu huisha chaji. Kwa faida ya viazi karai tulivyouza tumenunua saa ya ukutani. Ndiyo hiyo mezani mbele yako, betri tumeshatia.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Hisabati.