Siki si dawa ya mawe ya makaburi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, na ningeendelea kunyamaza lau si makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu makaburi ya kale katika viwanja vya makanisa ya Uingereza. Mwandishi wenu alifika Painswick, katika jimbo la Gloucestershire, akatumia nusu ukurasa kuhesabu miti 99 ya uwanja wa kanisa na kumsimulia shetani wa hadithi asiyetaka mti wa 100 uote. Makaburi yenyewe, ya matajiri wa nguo za sufu wa karne ya 17 na ya 18, aliyapa aya moja, na John Bryan, fundi mchongaji aliyelala papo hapo chini ya piramidi ya mawe tangu 1787, hakumtaja kabisa.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaba ni ule ushauri wa mwishoni, kwamba wanaojitolea wayasugue mawe kwa brashi ya waya na siki "mpaka yang'ae".

Mhariri, mawe ya sehemu hizi ni ya chokaa. Dondoshea siki juu ya chokaa uone povu litakavyotoka: povu hilo ndilo jiwe lenyewe linaloondoka. Mwaka juzi, katika uwanja wa kanisa la kijiji ninachoishi, nilimkuta bwana mmoja mwenye nia njema kabisa akiliosha jiwe la mtoto mchanga kwa mashine ya kuoshea magari. Jiwe hilo nilikuwa nikilipitia kila Jumapili, na kwa kidole niliweza kulifuata jina, mwaka, na maneno ya kwamba mtoto aliishi majuma saba. Maji yalikuwa yakishuka meupe kama tui. Nilipomwambia kwamba ule weupe ni herufi, alinijibu kwa upole kwamba hatimaye jiwe limekuwa safi, na kweli lilikuwa safi, kwa sababu halikuwa na kitu tena. Wala hakuwa na kibali cha dayosisi, ambacho kanuni za Kanisa la Uingereza zinakidai kabla ya kugusa kaburi la namna hiyo, wala hakujiuliza kama kuna mjukuu wa kitukuu mahali fulani ambaye jiwe lile ni mali yake. Yale mabaka ya kijivu na ya njano ya likeni, viumbe hai vinavyoota juu ya mawe, aliyoyaita uchafu huota polepole mno, mengine hayafikishi hata milimita moja kwa mwaka. Aliyatoa yote kabla ya chakula cha mchana.

Msidhani nayatetea mawe ya wakubwa tu. Henbury, Bristol, lipo kaburi la Scipio Africanus, kijana Mwafrika aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya kabaila, akafariki tarehe 21 Desemba 1720 akiwa na miaka 18. Mawe yake yamepakwa rangi, na malaika wake wana nyuso nyeusi. Juni 2020 watu wenye chuki walilivunja jiwe lake, na mafundi wakaliunganisha tena. Jiwe lililovunjika huunganishwa. Herufi zilizoyeyushwa kwa siki nani atazirudisha?

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme pia juu ya mashine za kukatia nyasi. Viko viwanja ambako mawe yaling'olewa na kuegemezwa ukutani, yakapangwa kama masinia yaliyooshwa baada ya harusi, ili tu mashine ipite bila kupinda kona. Majina yapo, lakini nani amelala wapi hajulikani tena.

Napendekeza hivi: kila anayejitolea apewe kalamu, daftari na kioo cha ukutani. Mwaka wa kwanza asiguse jiwe. Alimulike kwa kioo kutoka ubavuni ili herufi zitoe vivuli, azinakili, apige picha. Mwaka wa pili, akiwa na kibali mkononi, apewe ndoo ya maji matupu na brashi laini. Siki abaki nayo nyumbani kwa kachumbari.

Na ile picha mliyochapisha ya jiwe linalong'aa: ikiwa mwandishi wenu alipiga nyingine kabla halijasuguliwa, naomba mwichapishe, maana kwenye hii nimejaribu kwa miwani na kwa lenzi na sikuliona jina.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Gloucestershire, Uingereza