Barua kwa mwanangu: saa ya babu yako isubiri

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Barua yako nimeisoma, na nimefurahi kusikia kwamba umeingiwa na shauku ya kutengeneza saa. Ila ombi lako la kuletewa saa ya babu yako uanze kujifunzia, hilo silikubali kwa sasa, na sababu yake naijua kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilipokuwa na umri kama wako niliifungua saa hiyo hiyo kwa kisu cha jikoni. Kamani, ule utepe wa chuma uliojikunja unaoiendesha saa, ilikuwa imejaa, nami sikujua kwamba hulegezwa kwanza. Nilipoinua kidaraja kinachoshikilia ile nanga ndogo inayozuia magurudumu, yote yalizunguka kwa mkupuo mmoja, yakatoa mlio kama wa panzi anayeruka, kisha kimya. Ncha ya mhimili mmoja, nyembamba karibu na unywele, ilikuwa imekatika. Fundi mmoja wa Darajani alihangaika miezi kadhaa kutafuta gurudumu la kufanana nalo, na babu yako hakunisema hata neno, jambo lililoniuma kuliko bakora.

Kwa hiyo nakuletea HMT Janata, saa ya kutia ufunguo kutoka India, ambako kampuni ya HMT ilianza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani. Ina vito 17, vijiwe vinavyoshikilia ncha za mihimili, na mizani yake, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde. Ukiiharibu, hatutakaa matanga.

Kabla ya yote legeza kamani: shika kichwa cha ufunguo kwa vidole viwili, sogeza kwa bisibisi kile kikomeo kinacholizuia gurudumu la kamani lisirudi nyuma, kisha ukiache kichwa kijizungushe taratibu vidoleni mpaka nguvu ziishe. Ndipo utoe mizani, halafu nanga, halafu magurudumu. Piga picha kwa simu kila hatua, maana parafujo mbili zinazoonekana sawa huweza kutofautiana urefu. Pangaboi lizime. Mimi hubana upande mmoja wa kanga ya mama yako kwenye ukingo wa meza na mwingine kiunoni, ili kinachoruka kiangukie humo. Naye ameshaacha kulalamika.

Mafuta ya cherehani usiyatie kamwe, kwa kuwa husambaa, na yakikaa huganda. Nimekuwekea kichupa cha Moebius 9010, mafuta ya saa: chovya ncha ya sindano, uguse kito pale mhimili unapokaa, basi, meno ya magurudumu hayatiwi mafuta. Adui wako mkubwa huko pwani ni hewa ya chumvi, hasa wakati wa masika, hivyo saa iliyo wazi ifunike, na vyuma uviweke ndani ya chupa ya kifuniko pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kifurushi nimempa binamu yako, atapanda boti Mkoani keshokutwa. Janata ukishaifungua yote na kuirudisha ikatembea, mara tatu, si moja, njoo nyumbani sikukuu nikupe ya babu yako. Usishangae kuona majira yake hayalingani na ya simu yako: yeye aliirekebisha kila Magharibi, isome saa kumi na mbili jua linapotua, nami naendelea kumfanyia hivyo.

Baba yako