Barua ya wazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Jiji la Arusha

Yah: Watoto wanaopeleka hesabu usiku

Ndugu Afisa,

Ninafundisha darasa la tano hapa mjini. Muhula uliopita nilimpigisha magoti mtoto aliyekuwa akisinzia darasani. Wiki hiyohiyo nikamkuta karibu na stendi saa tatu usiku, na ndoo ya mayai ya kuchemsha. Hakukimbia. Alisema tu, "Mwalimu, yamebaki sita, hesabu haijatimia." Hesabu, yaani pesa za mauzo, isipotimia, anayemtuma humlaza nje. Nilijuta sana.

Tangu hapo namtazama kwa jicho jingine. Mlango ukigonga kwa nguvu, anashtuka mwili mzima. Mapumziko wenzake wakienda kwenye mpira, yeye habanduki kwenye dawati. Wapo wengine waliogeuka wakali, wanaorusha ngumi kwa neno dogo. Shuleni tunawaita wavivu au watukutu. Kumbe mtoto asiyepata usingizi wa kutosha, anayengoja kipigo kila jioni, hawezi kutulia hata akitaka.

Sisemi mtoto asimsaidie mzazi. Kukata majani ya ng'ombe na kuchota maji tulifanya wengi wetu, na tukacheza, na tukalala. Ila Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi inayodhuru afya, elimu au akili ya mtoto, na inakataza kumwajiri kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mkono uliokatwa na panga tunaupeleka zahanati. Hofu ya huyu mtoto tunaipeleka wapi?

Na hawa wa barabarani walau tunawaona. Binti wa miaka 12 aliyeletwa mjini kwa ahadi ya kusomeshwa, akaishia kulea mtoto wa mtu mwingine nyuma ya geti, hana hata wa kumlilia.

Nakuomba maofisa wako wapite stendi na Soko la Kilombero jioni, wasiende kumkamata mtoto wala kumnyang'anya ndoo. Wakae naye, wamuulize analala saa ngapi na anamwogopa nani. Wenyeviti wa mitaa wawajue mabinti wanaofanya kazi za ndani. Namba 116 ya msaada kwa watoto, ambayo mtoto hupiga bure, ibandikwe sokoni. Nasi walimu tufundishwe dalili hizi kabla hatujashika fimbo.

Mtoto ninayemsema yuko darasani kwangu Jumatatu hadi Ijumaa. Jioni mtamkuta stendi.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Arusha