Mshipi wa kibla kwa baba

Mkomani, Lamu

Ndugu yangu Swaleh,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, alhamdulillahi, na Bi Zuhura amenisisitiza nikufikishie salamu zake kwanza. Unisamehe kwa kimya changu cha miezi mitatu.

Nakuandikia kuhusu ile saa ya kumwongoza asiyeona kwa mtetemo, uliyomletea baba. Nilimfunga mkononi, nikaiunganisha na simu, tukashika njia ya kwenda msikiti wa Riyadha. Kwenye njia ya pwani, mbele ya gati, ilimtetemea vizuri kila penye kona. Tulipoingia vichochoroni ikamwambia akate kulia. Baba akanyoosha kiganja, akagusa ukuta wa mawe. Hapakuwa na njia. Punda wa mchanga walikuwa wanakuja, akaubana mgongo ukutani hadi wakapita, kisha akaniuliza jambo moja tu: kibla kiko upande gani?

Swali lile limenikaa moyoni. Saa ile hutegemea setilaiti, na mawimbi yake yakifika kwetu huwa yamegonga kuta ndefu za pande zote mbili, hata simu ikakosea kwa mita kadhaa, ilhali kichochoro chenyewe hakifiki mita mbili. Baba hahitaji kuelezwa kila kona. Mtu aliyekuwa nahodha kwa zaidi ya miaka 30 anahitaji dira, na presha ya macho imemnyima ya kutazama.

Nimesoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Osnabrück, huko Ujerumani, akiwemo Peter König, walichapisha mwaka 2005 habari za mshipi wenye vidude vinavyotetema kuzunguka kiuno. Kinachoelekea kaskazini ndicho hutetema, na mvaaji akigeuka mtetemo nao huhama. Hufuata dira, si setilaiti. Baadaye ilianzishwa kampuni, feelSpace, inayowatengenezea wasioona. Nawe wajua kwamba kwetu kibla ni kaskazini: baba angekihisi mwilini popote asimamapo.

Kutoka kwako Bremen hadi Osnabrück si mbali. Je, waweza kwenda kuuliza? Bei yake ni kiasi gani, na chaji hudumu siku nzima? Huvaliwa juu ya kikoi bila kuteleza? Chumvi ya bahari haitauharibu? Athmani anakuja lini, nimwombe aubebe? Na ukiupata, tafadhali ujifunge wewe kwanza, ufumbe macho, utembee, kisha uniandikie ulivyohisi.

Wako,
Omari