Mgomba ulioungua majani haujafa

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji aliyesema mgomba ukipandwa Ulaya hufa kwa baridi ya kwanza, basi watoto wetu walioko huko wasijisumbue. Iliniuma, kwa sababu nami niliamini hivyo, na ushauri wangu ukaua mgomba wa binti yangu.

Yeye ni muuguzi, yuko Sheffield, Uingereza. Mche aliununua huko huko, wa aina iitwayo Musa basjoo, ambayo asili yake ni kusini mwa China. Ndizi zake haziliwi, zimejaa mbegu; alitaka tu akifungua dirisha aone majani ya kwao. Novemba baridi ikagandisha, na asubuhi majani yote yalikuwa meusi, yananing'inia kama matambara. Akanipigia simu huku analia. Mimi niliyelima matoke miaka thelathini hapa Budadiri, Uganda, nikamwambia: mwagilia, mwanangu, utaamka. Februari aliposhika shina, vidole vilizama. Lilikuwa limeoza mpaka kwenye tunguu, ile sehemu nene iliyo chini ya udongo.

Shina la mgomba si mti, ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana, na kabla haujazaa moyo wake uko chini, kwenye tunguu. Ndiyo maana sisi hukata mgomba na machipukizi yakatoka. Wakati wa baridi mgomba umelala, haunywi. Maji yakituama unaoza.

Mwaka uliofuata alipanda mwingine, na mzee jirani yake akamwelekeza. Waliacha baridi iunguze majani, wakayakata, wakabakiza shina la kimo cha kiuno. Wakalizungushia wavu wa waya wa banda la kuku, wakashindilia mabua makavu ya ngano mpaka juu, wakaweka kipande cha bati kuzuia mvua. Hawakugusa tena mpaka Aprili. Siku ya kufungua alinionyesha kwa simu: juu palikuwa pa kahawia, pana utelezi. Akakata vipande vyembamba kwa kisu mpaka akafika penye weupe, na katikati pakaonekana kijani kidogo kama ncha ya kidole. Wiki mbili baadaye kilikuwa jani lililojisokota. Nilimwita baba yake aje aone.

Matoke yetu hayawezi hayo. Yanataka kupandwa kwenye chungu, na yaingizwe ndani kabla ya baridi. Kitembe, mmea wa jamii ya mgomba ambao huku kwetu huota wenyewe, Waingereza hukipenda kwa urembo: huking'oa, hukikung'uta udongo na kukilaza pakavu pasipoganda.

Na tusiwafungie watoto machipukizi kwenye mizigo. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 husafiri na miche, nami nimeshang'oa migomba yangu mwenyewe kwa ajili yake.

Naomba barua hii itoke kabla ya Novemba, maana wazazi wengine watapigiwa simu kama nilivyopigiwa mimi.

Mama mkulima,
Budadiri, Sironko