Usitie sahihi usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi hapa hatujambo, Alhamdulillahi, ila goti la mamako ni lilelile na kusi la mwaka huu halijatuachia. Barua hii inakuja na basi la leo pamoja na mzigo. Nimevuka mwenyewe kutoka Lamu hadi Mokowe nikampa kondakta mkononi, sikutaka kumtuma mtoto. Usifungue mzigo kabla hujaisoma.

Jana ulipopiga simu nilikuwa natoka msikitini baada ya isha, na upepo ulinila nusu ya maneno. Lakini mawili niliyasikia: kwamba ile klabu ya mpira ya Nairobi imekukubali uwe kipa wao, na kwamba wanataka utie sahihi mkataba Ijumaa. Kwa la kwanza nilisujudu. La pili limeninyima usingizi.

Usitie sahihi kabla binti wa ami yako hajausoma huo mkataba. Nimempigia Malindi mara tatu tangu alfajiri, hata akaniambia, "Ami, nimesikia." Piga picha kila ukurasa, na ule ulio mtupu pia, na ule wenye muhuri, umtumie kwa WhatsApp. Akisema subiri, subiri. Ukimsikia mtu anakwambia, "Tia tu hapa, hii ni kawaida," weka kalamu chini.

Ile ya mashua yangu iliyokwenda kwa deni waijua, siirudii. Lakini liko jambo moja hujalisikia. Usiku ule pale dukani sikuwa na miwani. Ilikuwa imevunjika mkono, nimeiacha nyumbani. Stima ilikuwa imepotea, tumewashiwa chemli, na karatasi zilikuwa mbili zimebanwa pamoja. Yule bwana aliyenikopesha akaikunja ya juu nyuma, akaweka kidole pale pa kutia sahihi, na kidole hakukiondoa. Palikuwa na watu watatu barazani wanangoja kahawa. Niliona haya kumwambia anisomee, mimi ambaye watu huniita kuwasomea khitma. Basi nikatia. Mashua ndiyo iliyokuwa dhamana, na maneno hayo yalikuwa kwenye ile karatasi aliyoikunja.

Ndiyo maana nasema usitie usiku. Wala ukiwa na njaa, wala mbele ya watu wanaokungoja.

Huyo binti wa ami yako ameniambia mambo ambayo sikuyajua. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa miezi miwili bila kumlipa mchezaji mshahara, mchezaji anawaandikia kudai haki yake, anawapa siku 15, na wasipolipa anaruhusiwa kuvunja mkataba. Miaka yote hii nilidhani mchezaji akishatia sahihi ni chombo kilichokwama mchangani. Tena akasema mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya daktari. Basi wakupime kwanza, wakupime bega na goti na vidole vyote kumi, wamalize, ndipo waandike. Si waandike leo kisha mwezi ujao waseme bega lako limewashinda. Waulize pia nani analipa hospitali ukiumia ukiwa golini, na mshahara unaendelea au unasimama. Na nakala ya mkataba uwe nayo mkononi siku ileile, usikubali kuambiwa itafuata.

Wajua vilevile mambo ya ligi yetu. Mwaka 2019 mdhamini mkubwa alipojitoa, wachezaji wa timu zenye majina makubwa walikaa miezi bila mshahara, wengine wana kodi na watoto shule. Wewe una mke na wawili, na huna umri wa kukaa miezi ukiahidiwa. Wachezaji wana chama chao, KEFWA. Ukifika tu, jiandikishe. Sikwambii hivi kuwatia shaka hao waliokuchukua, huenda ni watu wema. Lakini hata mtu mwema hufa, huhama, huuza timu. Karatasi ndiyo inayobaki.

Jambo jingine kabla sijalisahau. Wakikwambia upunguze umri, kataa. Nasikia wako wanaofanya hivyo, mtu wa miaka 31 anakuwa wa 26 kwa kalamu moja. Mamako alikuzaa nyumba hii hii, usiku wa mvua, na mkunga bado yu hai. Mtu akikubali kuanza kazi kwa karatasi ya uwongo, siku yoyote wanaweza kumfukuza kwa karatasi hiyohiyo. Umefika ulipofika na miaka yako 31, ingia nayo.

Pale Mkunguni, barazani kwa wazee, habari imefika kabla yangu. Sijui nani aliyewaambia, labda mkeo, maana yeye ulimpigia mwanzo, na hilo nimeliona. Mzee mmoja, simtaji, akasema kipa wa miaka 31 wanamtaka kwa kukalia benchi tu. Nilimjibu. Nilimwambia kipa Dino Zoff alibeba Kombe la Dunia la 1982 akiwa na miaka 40, tena ndiye nahodha wa Italia. Nikamwambia habari ya Essam El Hadary, kipa wa Misri, Kombe la Dunia la Urusi mwaka 2018, siku ile na Saudia. Miaka 45, na penalti akaipangua. Nikawakumbusha kwamba Kenya ilipochukua kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981 hadi 1983, golini alikuwa Mahmoud Abbas, mtu wa pwani hii hii, tukamwita Kenya One na hadi leo wazee hawamwiti vingine. Redio zilikuwa chache mtaani, tulisikiliza tumeegemeana kama magunia. Wakanyamaza. Na mimi sauti ilinitetemeka, sikujua kama ni hasira.

Kipa huchelewa kuiva, mwanangu, hilo nimeliona kwako. Ukiwa na miaka 20 ulikuwa unauruka kila mpira. Siku hizi unajongea hatua mbili kabla mtu hajapiga, mpira unakuja wenyewe kifuani. Nilikuwa nasimama nyuma ya goli upande wa mchanga, huku wewe ukidhani nimekwenda sokoni. Mechi karibu zote za miaka hii minne nimeziona.

Lakini nina neno nawe kuhusu ile mashua ya Matondoni. Umeiacha ubavu mmoja umetiwa kalafati na mmoja haujatiwa. Mwenyewe alikuja juzi. Nimekwenda mimi na yule kijana wako, tumekaa siku mbili tukipigilia pamba. Macho yangu hayaoni tena mshono mwembamba, nilikuwa nautafuta kwa ukucha wa kidole gumba kisha kijana ananifuata na nyundo. Imekwisha, imepakwa mafuta, inangoja maji makubwa. Pesa zilizobaki mwenye mashua amempa mkeo. Lakini fundi haondoki akaacha kazi ya watu nusu, hata akiitwa na timu gani. Ungeniambia tu, ningeanza mapema.

Kuhusu SHA, ile bima ya afya ya serikali: mkeo na watoto wameandikishwa, lakini jina lako bado halijakamilika, yule kijana wa saiba ya intaneti ameniambia hivyo. Limalize kabla ya Ijumaa. Tena uangalie klabu ikikukata ile asilimia 2.75 iwe inaipeleka kweli, kila mwezi, uwaombe risiti. Usiseme ni jambo dogo.

Paa la ukumbi linavuja upande wa kisimani. Makuti nimeshaagiza, lakini fundi anataka nusu ya pesa mbele. Usitume chochote sasa. Nakwambia usije ukasikia kwa mtu mwingine ukadhani tunakuficha. Samaki ni wachache mwezi huu, bahari inachemka, vijana wanatoka siku mbili kwa wiki. Wavuvi wenzangu bado wanazungumzia fidia ya bandari ya Lamu kila jioni. Mahakama ilitoa hukumu 2018, shilingi bilioni 1.76, na tangu hapo walioizeekea ni wengi, na wengine tumewazika. Nami husikiliza tu. Tangu mashua iende sina mengi ya kudai.

Nilipokuwa natafuta kamba ya kufungia mzigo nimezikuta glavu zako za kwanza darini, zile za kijani, mpira wa viganjani umekauka unapukutika kama ngozi ya mjusi. Mamako alikuwa akizifua kwa sabuni ya mche na kuzitundika kwa vidole, kimoja kimoja, na kila kidole kibanio chake. Amekataa nizitupe.

Yule kocha wa Mombasa uliyemngoja zamani akuchukue, alikuja. Siku zote umeamini hakuja, na mimi nimekuacha uamini. Alikuja na mwenzake, wakanikuta gatini baada ya alasiri, wakakuulizia kwa jina. Nikawaambia umekwenda Kizingitini na hurudi mwezi huo. Ulikuwa Matondoni, kwa punda ningekuwa nimekufikia kabla ya magharibi. Deni la mashua lilikuwa na miezi minne na mikono yako ndiyo iliyokuwa ikilipa. Wakanywa maji wakaondoka na boti ya mwisho. Ulikuwa na miaka 19. Sitaki tulizungumze kwenye simu, ukija likizo tutakaa barazani na utasema utakalo, nami nitalisikiliza lote.

Kwa hiyo usinielewe vibaya kuhusu Ijumaa. Sitaki usitie sahihi. Nataka uitie. Nataka uitie mchana, umeshiba, umeusoma, na binti wa ami yako ameusoma, na kila ulichoahidiwa kwa mdomo kimeandikwa: nyumba, nauli ya likizo, pesa ya kusaini, yote. Wakisema nyumba wanakupa lakini haimo kwenye karatasi, basi nyumba hakuna. Wakikuharakisha, waulize kwa adabu kwa nini. Waliokungoja mpaka miaka 31 hawashindwi kungoja mpaka Jumatatu.

Baridi ya Nairobi mamako ndiye anayeiwaza. Ametia kofia ya kufuma na soksi pea tatu. Kipa mwenye vidole vya baridi hashiki mpira, anasema, na mimi namwachia, ingawa hajawahi kukaa golini. Kwenye mzigo mna ng'onda, usiwapikie wenzako chumbani siku ya kwanza, harufu yake hawaijui. Mna achari ya embe, halua, na mkate wa mofa ule upesi maana hautangoja. Dua aliyokuandikia babu yako imo kwenye kitambaa cheupe, ivae au iweke, hiari yako.

Kijana wako mdogo ameanza kusimama katikati ya nguzo mbili za ukumbi na kumwambia kila anayepita ampigie mpira. Jana amevunja mtungi wa maji. Mamake amemchapa, nami nimemwambia asimchape tena kwa jambo hilo.

Mkebe wa achari ni wa jirani, urudishe na basi hilohilo. Nipigie Ijumaa kabla ya kutia sahihi, si baada. Nitakuwa hapo gatini upande usio na upepo, simu mkononi, na miwani nimeshatengeneza.

Wasalaam,
Babako