Kwa Mjomba, kuhusu salsa na dansi la Morogoro

Bronx, New York

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, hofu ni juu yenu tu.

Jumapili za kiangazi wazee wa Kipuerto Rico huteremka ufukweni Orchard Beach na tumba zao, watu wakaserebuka kwa salsa mpaka jioni. Vinavyoshika hesabu ni vijiti viwili vya mti mgumu: mapigo matatu, kisha mawili, matatu, kisha mawili. Tumba, piano, tarumbeta, hata miguu ya wachezaji, vyote vinavifuata. Nilivyovisikia nikakuona wewe unagonga meza kwa vidole, bendi ya Cuban Marimba ikiwa redioni.

Ulisema siku zote kwamba rumba ni yetu. Kweli kabisa. Son, muziki ambao kwetu tukauita rumba, ilizaliwa mashariki ya Cuba, gitaa za Wahispania zikikutana na ngoma za watumwa kutoka Afrika, Wakongo wakiwa wengi. Miaka ya 1940 Arsenio Rodríguez, kipofu mwenye asili ya Kongo, akaiongezea son tumba, piano na tarumbeta zaidi. Kwangu mimi huyo ndiye baba wa salsa. Mitindo ya mambo na chachacha ikafuata, na mwaka 1964 Johnny Pacheco, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, akaanzisha kampuni ya santuri ya Fania hapa New York pamoja na mwanasheria Jerry Masucci. Hao ndio waliolitangaza jina la salsa duniani.

Kinachoniuma ni kwamba huku husimuliwa kana kwamba Afrika ilitoa ngoma kisha ikanyamaza. Sikubali! Tangu 1933 kampuni ya Kiingereza HMV ilileta Afrika santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa za Cuba, na Wakongo wakaanza kuupiga muziki huo kwa Kilingala, nyuzi za magitaa zikichukua kazi ya piano. Salum Abdallah wa Cuban Marimba naye, pale pale Morogoro, akauimba kwa Kiswahili. Na Septemba 1974 mwimbaji wa Kikuba Celia Cruz na bendi ya Fania All Stars walipiga Kinshasa, jukwaa moja na Franco na Tabu Ley wa Kongo.

Mjomba, zile santuri zako usimpe mtu. Mwambie Zuhura azipige picha lebo zake, namba zisomeke vizuri, anitumie kwa WhatsApp. Kuna mzee wa Kikuba hapa mtaani anakusanya za GV, nataka tukae naye tuzipitie moja moja.

Nisalimie Bibi na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako,
Hamisi